Deni Letu kwa Bustani ya Jeevanjee

(Maneno ya mmoja wa wanachama waanzilishi, yaliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu)

  

Niliombwa niseme machache juu ya tulikotoka. Najua wengi mnangoja nianze na sanduku, lile la bati lenye kufuli tatu na funguo kwa mama watatu. Sanduku nitalifikia. Lakini mimi nataka kuanza na nyasi, kwa sababu kabla hatujawa na sanduku, tulikuwa na nyasi.

Waanzilishi mnakumbuka. Tulikuwa kumi na wawili. Hatukuwa na ofisi, wala pesa za kukodi chumba. Nyumbani kwa mtu hatukutaka, maana mahali pengine mzee akisikia pesa zinahesabiwa, anakumbuka ghafla ana deni la kulipa. (Msicheke, mnajua nasema ukweli!) Basi tukaenda Bustani ya Jeevanjee, katikati ya mji, baina ya Moi Avenue na Muindi Mbingu Street. Wa sokoni walikuja kwa miguu, wa mitaani walishuka matatu na kutembea kidogo. Tukatandika leso chini ya mti, tukatoa shilingi mia mia, Katibu akaandika kwenye daftari la mtoto wake la hesabu. Hakuna aliyetuuliza, "Nyinyi ni nani?" Hakuna aliyetulipisha kiingilio. Benki yetu ya kwanza ilikuwa pale, na mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu.

Sasa nataka kuuliza: mahali pale palitoka wapi?

Palitolewa na mtu. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akaja huku kwetu kufanya biashara, akawa mkandarasi wakati wa ujenzi wa reli. Ndiye aliyeanzisha gazeti ambalo leo tunaliita The Standard, na alikuwa Mhindi wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la nchi hii. Mwaka 1906, Nairobi ikiwa bado mji mchanga wa mabati na matope, aliitoa bustani ile iwe ya watu wa mji. Akaweka pale na sanamu ya Malkia Victoria. Sanamu hiyo ilikaa miaka mingi, mpaka mwaka 2015 watu wasiojulikana wakaiharibu, kichwa kikatoka. Mambo ya Malkia tuyaache. Ninachotaka mkishike ni kwamba ardhi ile ilitolewa ili mtu asiye na kitu apate mahali pa kukaa.

Haya, sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijawahi kuwaambia, na linanichoma.

Mwaka 1991 nilikuwa msichana, nauza sukuma wiki na nyanya. Mji wa Nairobi wakati ule haukuwa na madiwani. Serikali ilikuwa imelivunja Baraza la Jiji mwaka 1983, mji ukawa unaendeshwa na tume ya watu walioteuliwa. Hukuwa na diwani wa kumwendea ukamwambia, "Mheshimiwa, kura yangu ulipewa, mbona taka hazizolewi?" Madiwani wa kuchaguliwa walirudi baada ya uchaguzi wa Desemba 1992. Basi katikati ya miaka hiyo, mwaka huo wa 1991, ukatoka mpango wa kujenga jengo la gorofa nyingi pale Jeevanjee. La nini? La kuegesha magari!

Kuna siku mama mmoja alinisimamisha nikiwa na kikapu kichwani. Akaniambia, "Dada, unajua wanataka kuichukua bustani?" Mimi nikamjibu, "Mama, mimi nauza sukuma. Hayo ni mambo ya wakubwa." Nikaenda zangu. Niliona nimejibu kwa akili.

Wengine hawakwenda zao. Mjukuu wa marehemu Jeevanjee, Bi. Zarina Patel, alisimama akapinga. Akasimama naye Profesa Wangari Maathai, ambaye miaka miwili kabla, mwaka 1989, alikuwa amepinga jumba la gorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika Bustani ya Uhuru, akatukanwa hadharani kwa ajili hiyo. Kusema wazi miaka ile hakukuwa mchezo. Lakini walisema, na mpango wa Jeevanjee ukaachwa. Bi. Zarina baadaye aliandika kitabu cha maisha ya babu yake, kikatoka mwaka 1997.

Sasa pigeni hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Kama akina mama wale wangejibu kama mimi nilivyojibu, leo pale pangekuwa na magari yamepangwa gorofa juu ya gorofa. Na sisi kumi na wawili tungetandika leso zetu wapi? Nilikaa kwenye nyasi nilizokataa kuzitetea. Hilo ni deni, akina mama. Kwenye kitabu chetu mtu akikopa tunaandika jina lake. Basi andikeni na langu.

Mtaniuliza: lakini mbona bustani iliachwa ikachakaa? Hata sisi tulipoanza kukutana, tuliyaona. Bomba halina maji. Taa haziwaki, ikifika saa kumi na mbili na nusu kila mama anashika pochi yake na kuondoka. Benchi limevunjika ubao, linakaa hivyo mwaka mzima. Choo, tusiseme. Na bado watu walijaa! Mchana utakuta wahubiri, wapiga picha, vijana wanaotafuta kazi, wanafunzi, na wale wa Bunge la Mwananchi wakijadili siasa kama waliochaguliwa. Watu hawakuitupa bustani, waliokabidhiwa kazi ya kuitunza ndio waliilegeza.

Na hapa ndipo nimejifunza jambo moja ambalo nataka mwende nalo nyumbani. Kitu cha umma hakichukuliwi siku moja. Kwanza kinaachwa. Kikishaachwa kinachafuka. Kikishachafuka watu wanasema, "Aah, pale pana wakora tu." Halafu anatokea mtu na mchoro mzuri wa rangi, anasema, "Nipeni mimi, nitapatengeneza." Na wewe, kwa kuwa umechoka na uchafu, unapiga makofi. Mwaka 2004 ilitolewa ripoti ya Tume ya Ndung'u juu ya ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria katika nchi hii. Ndani yake mna viwanja vya kuchezea, bustani, hata makaburi. Sidhani wenyewe wote waliibiwa wakiwa wamelala. Wengine walikuwa macho, ila walisema kama mimi: mimi nauza sukuma.

Lakini msinielewe vibaya. Sipingi bustani kutengenezwa. Nani hapa hataki taa? Nani hataki choo safi na bomba lenye maji? Ukarabati si wizi. Nitawapa mfano wa majirani zetu wa Unguja. Wale waliofika Zanzibar wanaijua Forodhani, bustani ya pale mbele ya bahari ambako jioni huuzwa pweza, mishikaki na urojo. Nayo ilikuwa imechakaa sana. Ikatengenezwa kuanzia mwaka 2008 kwa msaada wa mfuko wa Aga Khan wa utamaduni, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Ukuta wa bahari ulirekebishwa, taa zikawekwa, njia zikatengenezwa. Na wauza vyakula? Walirudi. Jioni ukienda utawakuta, na familia zimekaa na watoto wao. Bustani imekuwa nzuri, na watu wake bado wamo.

Basi tofauti iko wapi? Mimi naona iko kwenye maswali matatu. Ni yale yale tunayomuuliza mwanachama anayetaka mkopo. La kwanza: kitu hiki ni cha nani, na hati inasemaje? La pili: pesa zinatoka wapi, na ni nani atakayezirudisha, kwa njia gani? Maana bustani ikitengenezwa kwa pesa ya mtu anayetaka faida, faida hiyo itatoka kwenye kiingilio, au kwenye vibanda ambavyo mama wa karanga hawezi kuvikodi. La tatu: aliyekuwa pale jana, kesho atakuwa wapi? Kazi ikianza na lango likifungwa, litafunguliwa lini? Bustani ya Uhuru ilifungwa mwaka 2021 ikarabatiwe, na wananchi walikaa nje ya uzio zaidi ya mwaka mzima. Mwenye nyumba kubwa yenye ua haoni kitu. Mwenye chumba kimoja na watoto wanne anaona.

Nitawakumbusha na ile Jumapili yetu. Tulifika pale na leso zetu, tukakuta mtu wa sare langoni. "Leo kuna shughuli, mama. Pamekodishwa." Tukamuuliza na nani, kwa ruhusa ya nani. Akasema yeye ametumwa tu. Tukasimama kando ya barabara, kumi na saba wakati huo, na pesa za watu mkononi. Bi. Mweka Hazina alizificha ndani ya unga. Siku ile ndipo tulipokata shauri la kutafuta chumba, na ndipo sanduku liliponunuliwa. Kwa hiyo tunalisifu sanduku, na ni vizuri. Lakini sanduku lilitokana na kufungiwa lango.

Leo tuna chumba, tuna kitabu kinachosomeka, na tunakopeshana pesa za ada na za biashara. Tungeweza kusema mambo ya bustani hayatuhusu tena. Lakini pale chini ya mti kuna kikundi kingine leo. Nilipita mwezi uliopita nikawaona, wasichana wadogo wanane, na simu moja wanaandikia hesabu. Nao hawana pa kukodi.

Kwa hiyo, Bi. Mwenyekiti, nina ombi, na ningependa liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Wakati ule wa 1991 mtu aliyeuliza aliitwa mkorofi. Siku hizi sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010 inasema ardhi ya umma ni ya umma, kipengele cha 62. Kipengele cha 35 kinampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Kaunti inatakiwa kuwashirikisha wananchi kabla ya kupitisha mipango na bajeti. Mikutano hiyo huitishwa. Sisi ndio hatuendi, halafu tunalalamika kwenye matatu.

Naomba kila mwaka tuchague mama wawili wa kwenda kwenye mikutano hiyo, warudi watusomee kilichosemwa juu ya Jeevanjee, kama Mweka Hazina anavyotusomea hesabu. Nauli itoke kwenye mfuko wa faini. (Wachelewaji wetu ni waaminifu, mfuko huo haujawahi kukauka!) Na siku moja kila baada ya miezi mitatu, tutoke kwenye chumba chetu, twende tukafanye mkutano pale pale kwenye nyasi. Mahali penye watu hapasemwi hapana wenyewe.

Kama ni lazima wawili wa kwanza watafutwe leo, mmoja msimtafute. Niko hapa. Nimechelewa kumjibu yule mama kwa miaka zaidi ya thelathini, na kwenye kikundi chetu anayechelewa hulipa faini.

Mungu akibariki kikundi chetu, na awabariki wote waliosema wakati sisi tumenyamaza.