Mwani Katika Tangi la Samaki: Kiangazi cha Al Khoudh

Makala haya yanaelekea Al Khoudh, katika wilaya ya Seeb mjini Muscat, mtaa unaojulikana kwa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilichofunguliwa mwaka 1986, na kwa bwawa lililojengwa mwaka 1985 ili kuyazuia maji ya mafuriko ya wadi yapate kuzama ardhini. Mjini Muscat ziko familia nyingi ambazo Kiswahili bado ndicho lugha ya barazani na jikoni, hasa zile zilizorejea kutoka Afrika Mashariki baada ya mwaka 1970. Katika baadhi ya sebule hizo limo tangi la kioo lenye samaki wa maji baridi na mimea hai, na malalamiko ya wenye matangi hayo ni yale yale: wiki chache tu, kioo kinafunikwa na utando wa kijani, majani yanaota nyuzi zenye utelezi, na maji yanageuka rangi kama mchuzi wa kisamvu.

Mwani si uchafu wala si maradhi. Ni viumbe hai vinavyotaka yale yale yanayotakiwa na mimea: mwanga, hewa ya kaboni dioksaidi, na chumvichumvi za naitreti na fosfeti. Mimea inapokua vyema huzinyakua chumvi hizo na mwani hubaki na njaa. Inapodhoofika, chakula husalia majini na mwani haukawii kukila. Ndiyo sababu mwenye kuusugua mwani kila Ijumaa bila ya kujiuliza kwa nini mimea yake imeshindwa huwa anafanya kazi isiyo na mwisho.

Jambo la mwanzo ni mwanga. Tangi lisiwekwe mahali linapopigwa na jua la dirishani, na Oman jua halihitaji kusifiwa. Hata taa ya tangi lenyewe huwashwa mno, kwa kuwa wenye nyumba hupenda kuwaona samaki wao mpaka usiku wa manane. Saa 6 hadi 8 kwa siku zinatosha, na kifaa kidogo cha kuwasha na kuzima umeme kwa saa huifanya kazi hiyo bila ya kusahau.

Wengi huyalaumu maji ya bomba. Lawama hiyo kwa kawaida haina msingi. Tangu mtambo wa Ghubrah ulipoanza kazi mwaka 1976, Muscat imekuwa ikitegemea zaidi maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, nayo huwa na naitreti na fosfeti kidogo sana. Chakula cha mwani hutoka mkononi mwa mwenye tangi, kwa kuwa kila punje isiyoliwa, na kila kinyesi cha samaki, huoza na kuwa mbolea. Samaki wapewe kile wanachoweza kukimaliza kwa muda wa dakika 2, na kila wiki robo au thuluthi ya maji ibadilishwe. Maji mapya yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Sifongo la chujio lisuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kwani klorini ya bomba huwaua bakteria wanaousafisha mkojo wa samaki.

Lakini hapo ndipo kiangazi cha Muscat kinapoleta shida yake. Tangi la maji juu ya paa hupata moto hata bomba la maji baridi likatoa maji ya kuunguza. Watu wa huko wana hila yao ya zamani: huizima hita ya bafuni, na maji yaliyotulia humo, ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, ndiyo yanayokuwa baridi. Kwa samaki, ni salama zaidi kuyakinga maji kwenye ndoo usiku kucha chumbani. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kubeba kiasi cha miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita, ila yafikapo nyuzi 32 hubeba 7 na kidogo. Na usiku, taa ikizimwa, mimea na mwani navyo huivuta oksijeni hiyo hiyo.

Hatari kubwa zaidi huja familia inaposafiri, pengine kwenda Unguja au Mombasa kwa mwezi mzima, na kiyoyozi kikazimwa ili kupunguza gharama ya umeme. Chumba kilichofungwa hupikika, samaki mmoja hufa na kuoza, mwani hulipuka, na wanaorudi hukuta tangi zima limekufa. Bora kiyoyozi kiachwe kwenye nyuzi 28, taa ipunguzwe hadi saa 5, pampu ya hewa iendelee, na jirani aachiwe chakula kilichokwisha kupimwa katika vifuko, kimoja kwa kila siku ya tatu.

Utando wa kahawia katika tangi jipya huondoka wenyewe. Utando wa buluu-kijani wenye harufu mbaya si mwani hasa bali ni bakteria, na kulifunika tangi gizani kwa siku 3, huku hewa ikipulizwa, mara nyingi huufifisha. Dawa zenye shaba ziepukwe, kwani huwaua konokono na kamba, ambao ndio wasaidizi wenyewe.

Wadi za milima ya kaskazini mwa Oman zina mlaji wake wa mwani, samaki mdogo aitwaye Garra barreimiae, ambaye jamii yake isiyo na macho huishi katika pango la Al Hoota. Huyo aachwe wadini kwake. Vivyo hivyo, cha tangini kisipelekwe wadini. Gugumaji lililoanza kuonekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 lilitoka Amerika ya Kusini, na lilienezwa duniani kwa ajili ya maua yake mazuri. Wavuvi wa Kisumu na Mwanza wanajua lilivyozifunga bandari zao. Mimea inayopunguzwa tangini ianikwe juani kwanza, ikauke kabisa, kisha itupwe jaani. Mwezi wa Julai huko Al Khoudh, juu ya paa, haichukui muda.