Umma wa Wapi? Waya, Redio na Wenye Hisa

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya wanafunzi wa uandishi wa habari. Yamepunguzwa kidogo ili yaenee katika ukurasa huu.)



Nilipopewa heshima ya kuzungumza nanyi niliambiwa nichague jambo lolote linalohusu kazi yetu. Nimechagua kampuni. Najua hilo linaweza kuwatia usingizi kabla ya saa ya chakula, kwa hiyo naomba mnivumilie. Mwandishi wa habari hufundishwa kuuliza nani kasema, kasema wapi na lini. Ni mara chache hufundishwa kuuliza waya uliochukua maneno hayo ni mali ya nani, na mwenye waya alimhesabu nani kuwa mtu wa kuambiwa. Kampuni ninayotaka kuwasimulia, ambayo ulimwengu uliijua kwa jina la Cable and Wireless, ilishika vyote viwili katika Afrika Mashariki: ilishika waya na, kwa upande wa Kenya, ilishika pia kipaza sauti.

Mwaka 1879, katika enzi ya Seyyid Barghash, waya wa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden, ukaendelea hadi Msumbiji, Delagoa Bay na Durban. Mwenye waya alikuwa Eastern and South African Telegraph, moja ya makampuni ya John Pender, mfanyabiashara wa nguo wa Manchester aliyegeuka kuwa bwana wa nyaya za dunia. Haraka ya kuutandika ilikuwa na sababu yake. Januari 22 ya mwaka huo huo Wazulu walilivunja jeshi la Waingereza pale Isandlwana, na habari za msiba huo zilichukua karibu wiki tatu kufika London. Dola isiyojua kwamba imepigwa haiwezi kupeleka askari wengine. Waya haukuletwa Zanzibar ili Mzanzibari apate salamu za ndugu yake. Uliletwa ili London isikie.

Kampuni ilipewa kisiwa cha Bawe kwa ajili ya mitambo yake, na baadaye ikajenga ofisi yake Shangani, mbele ya bahari. Mwaka 1890 matawi ya waya yalifika Mombasa kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine Bagamoyo na Dar es Salaam, ambako bendera ilikuwa ya Mjerumani. Tafakarini jambo hilo. Wakoloni wawili walionyang'anyana pwani yetu walipeleka simu zao za maandishi kwa waya wa kampuni moja, na wote wawili wakalipa kwa kila neno. Kampuni haikuwa na neno na bendera, mradi hesabu ilifungwa.

Kilichoitisha kampuni hiyo hakikuwa uasi wa watu bali mashine. Katika miaka ya 1920 simu ya upepo ya Marconi ilianza kupeleka habari kwa bei ya chini kuliko waya wa baharini. Serikali ya Uingereza iliona kwamba waya ukishindwa kibiashara, dola itapoteza mali ambayo adui hawezi kuisikiliza kirahisi kama asikilizavyo mawimbi ya hewani. Basi mwaka 1929 waya na simu ya upepo vikaunganishwa chini ya kampuni moja, Imperial and International Communications. Jina hilo lilikuwa refu mno hata kwa Waingereza wenyewe, na mwaka 1934 likabadilishwa kuwa Cable and Wireless.

Sasa tufike Nairobi, maana hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu.

Mwaka 1928 kampuni iliyoitwa British East African Broadcasting ilianza kutangaza kwa redio kutoka Nairobi. Haikuwa na maisha marefu. Wasikilizaji walikuwa wachache, gharama zilikuwa kubwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kazi yake ikaingia mikononi mwa kampuni ile ile ya waya. Serikali ya koloni ikaipa mkataba. Tangu hapo, kwa karibu miaka thelathini, anayetaka kupeleka simu London na anayetaka kusikiliza muziki barazani kwake jioni walikuwa wateja wa bwana mmoja.

Mambo yenyewe yalikwenda hivi. Mwenye redio alilipa ada ya leseni, na kampuni ikaendesha matangazo kwa kutegemea mapato ya namna hiyo. Kwa hiyo msikilizaji, kwa maana ya mkataba, alikuwa mtu aliyeweza kununua redio na kuilipia. Mtu huyo alikuwa nani katika Kenya ya mwaka 1935? Alikuwa mlowezi wa nyanda za juu, mtumishi wa serikali, mfanyabiashara wa Nairobi. Matangazo yalikuwa ya Kiingereza, mengi yakipokewa kutoka BBC na kurushwa tena, na baadaye vikaongezwa vipindi kwa ajili ya wasikilizaji wa asili ya Bara Hindi. Hakuna kifungu kilichohitajika kusema kwamba Mwafrika asisikilize. Hesabu ilitosha kumfungia nje, na hesabu haina adabu mbaya, haitukani mtu. Ndiyo maana ni vigumu kuigombeza.

Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, vijana wa Kiafrika waliingizwa kwa maelfu katika King's African Rifles wakapelekwa Abyssinia na Burma. Hapo ghafula ikaonekana kwamba mama zao nao wana masikio. Lakini angalieni ni nani aliyeandaa vipindi vya Kiswahili na vya lugha nyingine za Waafrika. Ni serikali, si kampuni. Na serikali yenyewe haikuviandaa kwa mapenzi. Ilitaka utulivu nyumbani wakati askari wako mbali, na hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 ilivizidisha ili kuwavuta watu mbali na Mau Mau. Kenya ikawa na redio mbili katika nchi moja: moja ya kampuni kwa wanaolipa, na nyingine ya serikali kwa wanaotawaliwa. Hiyo ya pili ilizungumza na Mwafrika kwa sababu ilimwogopa. Ile ya kwanza haikuzungumza naye kwa sababu hakuwa na faida.

Mtu atasema: ndivyo ulivyokuwa wakati huo, redio ilikuwa ghali. Si kweli kabisa. Mwaka 1949 huko Lusaka, katika koloni la Northern Rhodesia, serikali ilishirikiana na watengenezaji wa betri wa Uingereza kutoa redio ndogo ya betri, ya umbo la sufuria, iliyouzwa kwa pauni tano. Watu waliokuwa hawana umeme wakaanza kusikiliza. Na hapa kwetu, mwaka 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kwa mitambo hafifu iliyosikika mjini tu, lakini ilianza kwa Kiswahili. Siisifu serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Ilikuwa na makusudi yake. Nasema tu kwamba hapakuwa na mkataba wa kampuni uliosimama mlangoni kuuliza nani ana leseni. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali huru ikalivunja na kuanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyumba tuliyoirithi ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imejengwa kwa lugha ya wenyeji. Kenya iliachiwa kazi ngumu zaidi. Mkataba wa Cable and Wireless ulikwisha mwaka 1959, ikaja Kenya Broadcasting Service, kisha shirika jipya, na mwaka 1964, wakati Ramogi Achieng Oneko alipokuwa waziri wa habari, serikali ikalitaifisha na kuliita Sauti ya Kenya.

Sasa nataka kuwauliza swali ambalo mimi mwenyewe lilinisumbua nilipokuwa Chuo Kikuu. Sisi tumelelewa kuamini kwamba njia kuu za uchumi zikiwa mali ya umma, mambo hunyooka. Naamini hivyo hata leo. Lakini kumbukeni kwamba Januari 1, 1947, serikali ya chama cha Labour ya Bwana Attlee iliitaifisha Cable and Wireless. Hisa zote zikawa mali ya umma! Waya wa Zanzibar ukawa mali ya umma, ofisi ya Shangani ikawa mali ya umma, na kipaza sauti cha Nairobi, kilichowatumbuiza walowezi, nacho kikawa chini ya kampuni ya umma. Je, mkulima wa Kiambu alitambua mabadiliko hayo? Hata kidogo. Mkataba uliendelea vile vile kwa miaka kumi na miwili zaidi. Umma uliotajwa katika sheria ile ulikuwa umma wa Uingereza. Kwa hiyo mtu anapowaambia kwamba chombo fulani ni cha umma, msimwache hapo. Mwulizeni: umma wa wapi?

Baada ya uhuru swali hilo lilijibiwa nusu. Simu za nje za Kenya, Uganda na Tanzania ziliwekwa chini ya kampuni ya ubia, East African External Telecommunications, ambamo Cable and Wireless ilikaa pamoja na shirika letu la pamoja la posta na simu. Wakazi wa Dar es Salaam bado wanalijua jina lake kwa jengo la Extelecoms katika Mtaa wa Samora. Mwaka 1970 kituo cha kwanza cha satelaiti katika sehemu zetu hizi kilifunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa, na waya wa baharini ukaanza kuwa kitu cha kale. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Kila nchi ikabaki na kilichokuwa ardhini mwake. Longonot iko Kenya, na Tanzania ikalazimika kujenga kituo chake Mwenge. Mali ya pamoja iliyokuwa na mlango mmoja ilikuwa ya yule ambaye mlango ulikuwa kwake.

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1990, kupiga simu Dar es Salaam kutoka wilayani kwetu kulikuwa safari. Ulijaza karatasi dirishani, ukalipia dakika tatu, ukakaa kwenye benchi kungoja jina lako liitwe. Mama alikuwa akiandika maneno yake kwanza kwenye daftari ili dakika zisipotee bure. Sitaki kuwadanganya kwamba mali ya umma ilitutosha. Haikutosha, na wale waliosema iuzwe walikuwa na hoja.

Basi ikauzwa. Mwaka 2001 asilimia 35 ya TTCL ilikwenda kwa wabia MSI wa Uholanzi na Detecon wa Ujerumani kwa bei ya dola milioni 120. Zililipwa milioni 60, na zilizobaki zikageuka ubishi wa mahesabu. Kutoka ubavuni mwa TTCL ikazaliwa Celtel Tanzania. Fuateni sasa karatasi. Celtel ilinunuliwa na kampuni ya Kuwait mwaka 2005, ikawa Zain. Mwaka 2010 mali ya Zain katika Afrika ikanunuliwa na Bharti Airtel wa Bara Hindi kwa dola bilioni 10.7. Laini ya simu ya mwananchi ilibadili wenyewe zaidi ya mara moja akiwa nayo mfukoni, na yeye alichokiona ni rangi za mabango. Mwaka 2016 serikali ikazirudisha zile asilimia 35 za TTCL kwa shilingi bilioni 14.9, na mwaka 2019 ikakubaliana na Bharti kwamba katika Airtel Tanzania fungu la serikali lipande kutoka asilimia 40 hadi 49. Mwaka huo huo Airtel Africa, yenye asilimia 51 zilizobaki, iliorodheshwa katika soko la hisa la London.

Kwa Vodacom Tanzania njia ilikuwa nyingine. Sheria ya Fedha ya 2016 iliyataka makampuni ya simu yauze asilimia 25 ya hisa kwa umma, na mwaka 2017 hisa za Vodacom ziliuzwa Dar es Salaam kwa shilingi 850 kila moja. Mwanzoni zilitengwa kwa Watanzania peke yao. Muda ukaongezwa, na mwisho wageni wakaruhusiwa. Hapo pia lile swali la umma wa wapi lilijitokeza, safari hii kwa upole, mbele ya dirisha la dalali wa hisa.

Na ile kampuni yetu ya kale? Kati ya 1981 na 1985 serikali ya Bibi Thatcher iliiuza kwa watu binafsi. Mwaka 2010 iligawanyika mara mbili, na mwaka 2012 nusu moja ikanunuliwa na Vodafone. Vodafone ndiye mwenye hisa nyingi katika Vodacom Group ya Afrika Kusini, na Vodacom Group ndiye mwenye hisa nyingi katika Vodacom Tanzania. Sisemi kwamba John Pender amefufuka. Nasema kwamba mwenye kufuatilia hisa, bila kuchoka, anaweza kutoka Bawe ya mwaka 1879 akafika kwenye kibanda cha M-Pesa kilichopo nje ya lango hili. Ofisi ya Shangani, kwa upande wake, imekuwa sehemu ya hoteli ya watalii.

Mwalimu wenu ameniomba niwaachie zoezi. Kila mmoja achague kituo kimoja cha redio ambacho angependa kuajiriwa. Aende kwa Msajili wa Makampuni, alipe ada, aombe jalada, aandike majina ya wenye hisa na nchi zao. Kisha akisikilize kituo hicho siku nzima, tangu asubuhi mpaka usiku, aandike ni watu gani waliozungumziwa, na ni watu gani waliozungumza kwa sauti zao wenyewe. Alete karatasi zote mbili. Mimi nitakuja kuzisoma.

 Sasa niko tayari kwa maswali.