MLANGO WA HOSPITALI USIWE MLANGO WA GEREZA

(Maneno tuliyoyasema Chemba, Mkoa wa Dodoma, juu ya siha ya wageni wapitao njia)



Sisi ni watu wa visiwani, na tumefika kwenu kwa barabara kama wafikavyo wageni wote. Mmetupa maji kabla ya kutuuliza khabari, wala hapana aliyetutaka tuonyeshe karatasi kwanza ndipo tunywe. Hiyo ni desturi ya Msandawe, ya Mburunge na ya Mrangi, na ni desturi ya kwetu pia. Leo twataka kusema juu ya wageni wasiopata makaribisho hayo, khasa wanapokuwa wagonjwa.

Barabara kuu ipitayo hapa yatoka kaskazini, Arusha na Babati, ikapita Kondoa na Chemba hata Dodoma, kisha Iringa, Mbeya na mpaka wa kusini. Lami ya kutoka Dodoma mpaka Babati, kilomita 251, ilifunguliwa mwaka 2018. Hayo ni maendeleo, nasi twayafurahia. Lakini nchi yetu imekatwa na njia nyingine pia, isiyochorwa katika ramani: njia ya vijana wa Kihabeshi na Kisomali wanaokimbia ufukara na vita, wakitaka kufika Afrika ya Kusini. Wengi wao hawapandi basi. Hufichwa ndani ya malori, chini ya turubai au ndani ya makontena, na waliochukua fedha zao hawajali kama watafika hai.

Mwezi wa Juni 2012, katika mkoa huu huu wa Dodoma, maiti za wasafiri zaidi ya 40, wengi wao Wahabeshi, zilikutwa zimetupwa porini Chitego, Wilaya ya Kongwa. Walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori. Wenzao waliosalia waliachwa hapo hapo, wamelegea kwa njaa na kiu. Machi 2020, katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, kontena lilifunguliwa likakutwa na maiti 64. Walio hai walikuwa 14 tu.

Ndugu zetu, magazeti huhesabu maiti. Sisi leo twauliza juu ya yule aliye hai. Amebanwa kifua, midomo imepasuka, mguu umevimba, na pengine amekaa na kifua kikuu miezi kadhaa bila ya kujua. Anatambaa mpaka ukingoni mwa shamba. Nani atamfungulia?

Mwenyewe anaogopa. Anajua kwamba akiingia zahanati ataulizwa jina na kwao, na kwamba kutoka zahanati mpaka kituo cha polisi ni hatua chache. Basi hubaki kichakani mpaka maradhi yamemshinda.

Mwenye shamba naye anaogopa. Amesikia kwamba Sheria ya Uhamiaji inamwadhibu amhifadhiye mtu aliyeingia nchini kinyume cha sheria, na hapana aliyemweleza kama kumpa mtu maji na kumpeleka kwa mganga ni kumhifadhi.

Mganga wa zahanati naye anaogopa. Mgonjwa mwenye jeraha hutakiwa aje na fomu ya polisi, ile PF3 tuijuayo sote. Wakuu wamekwisha kusema mara nyingi kwamba aliye katika hatari atibiwe kwanza, na fomu ifuate. Lakini neno lililosemwa mjini huchelewa kufika kijijini, na mtumishi mdogo aliye peke yake usiku huona salama yake imo katika karatasi.

Hofu hizo tatu zikikutana mlangoni, mtu hufa, na hapana hata mmoja wa watatu hao aliyetaka afe.

Sasa twende kwenye sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, inapotaja haki ya kwenda utakako na kuishi utakapo, katika ibara ya 17, humtaja raia. Lakini inapotaja haki ya kuishi, na kupata kwa jamii hifadhi ya maisha, katika ibara ya 14, haisemi raia. Husema kila mtu. Waandishi wa Katiba walijua tafauti ya maneno hayo mawili. Serikali inayo haki ya kumrejesha kwao mtu aliyeingia bila ya ruhusa. Haina haki ya kumwacha afe kwa kuwa hana ruhusa.

Twajua kuna wanaosema: "Sisi wenyewe hatuna dawa za kutosha, vipi tuwape wageni?" Hilo si neno la kudharauliwa. Chemba ilipotengwa na Kondoa ikawa wilaya, mwaka ule ule wa 2012, wilaya ilizaliwa bila ya hospitali yake, na mama mwenye uchungu wa uzazi alikuwa na safari ndefu mbele yake. Ndiyo maana twasema gharama ya wageni hawa isitolewe katika sanduku la dawa la kijiji, bali itolewe na Hazina. Tena maradhi hayaulizi pasi. Kifua kikuu kisichotibiwa hakibaki kwa Mhabeshi. Humfikia askari aliyemkamata, mahabusu aliyelala naye chumba kimoja kisicho na hewa, na mtoto wa askari nyumbani. Dawa ya kifua kikuu nchini mwetu ni bure. Kumtibu mmoja mapema ni rahisi kuliko kuwatibu kumi baadaye.

Nasi tunayo sababu yetu ya kusema haya. Mwezi wa Januari 2001, baada ya watu kupigwa risasi Pemba na Unguja, wenzetu zaidi ya 2,000 walivuka bahari wakaingia Shimoni, Kenya. Hawakuwa na pasi. Walifika na hofu na majonzi, na watoto mgongoni. Lau watu wa Shimoni wangalitaka karatasi kwanza, leo tungalikuwa na makaburi mengi zaidi ya kuzuru. Aliyewahi kuwa mgeni mgonjwa katika pwani ya wengine hawezi kufunga mlango wake.

Kwa hivyo twataka mambo manne. Kwanza, mgonjwa yeyote atibiwe kabla ya kuulizwa uraia, na agizo hilo libandikwe ukutani katika kila zahanati. Pili, itangazwe wazi kwamba kumpa maji mgonjwa na kumfikisha kwa mganga si kosa. Tatu, kila mgeni anayewekwa kizuizini apimwe na daktari, na asirejeshwe kwao katikati ya dozi bila ya dawa na cheti chake. Nne, hospitali zilizo kando ya barabara hii ziwe na mtu wa kupigiwa simu ajuaye Kiamhari, Kioromo na Kisomali. Kwani daktari asiyefahamu maneno ya mgonjwa hutibu kwa kubahatisha.

Wazee wetu wa Chemba, hatukuja kukufundisheni ukarimu, tumeukuta kwenu. Twataka Serikali ijifunze kutoka kwenu: maji kwanza, khabari baadaye.