Nepi ya Kitambaa: Kuifua na Kuitunza Nyumbani

Mazungumzo mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima wa pamba



Mazungumzo ya vyama vya msingi vya pamba aghalabu huwa juu ya mizani, pembejeo na malipo ya wakulima. Leo yanahusu kipande cha nguo kisichotimia hata mita mbili, ambacho hakuna mjumbe anayekitaja mkutanoni, ingawa karibu wote walilelewa ndani yake. Nepi ya kitambaa ni pamba. Imetoka shambani, ikapita kiwandani, ikarudi nyumbani kwa mkulima ikiwa bafta, amerikani au khanga kuukuu iliyochanwa. Inaporudi huko, ndiyo nguo inayokaa karibu zaidi na mwili wa mtoto, usiku na mchana.

Jambo hili ni la ushirika kwa sababu iliyo wazi. Mtoto akiharisha au akichubuka, mama hutoka shambani kumpeleka zahanati. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa mavuno ya pamba huangukia kiangazi, kuanzia Mei na kuendelea, wakati visima vimepungua maji na kila mkono unahitajika kuchuma. Wakati huohuo ndipo nepi hufuliwa kwa haraka, kwa maji machache, na mtu aliyechoka. Hata hivyo, hata kama pasingekuwa na hasara yoyote shambani, afya ya mtoto peke yake ingetosha kuwa hoja.

Kutenganisha kwanza

Mkulima wa pamba anajua kwamba pamba safi na pamba fifi hutenganishwa wakati wa kuchuma. Zikishachanganyika guniani, hakuna karani wa kuzitenganisha penye mizani. Na nepi ni vivyo hivyo. Usafi wake huanza pale inapovuliwa, wala hausubiri sabuni.

Wako watu, wazee kwa vijana, wanaoamini kwamba kinyesi cha mtoto anyonyaye hakina madhara. Imani hiyo imewagharimu wengi. Kinyesi cha mtoto huweza kubeba vijidudu vya kuharisha na mayai ya minyoo kama kile cha mtu mzima, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa sababu watu hawakiogopi. Kwa hiyo nepi yenye kinyesi ikunguliwe chooni papo hapo, kisha isuuzwe kwa maji kidogo ya baridi, na maji hayo nayo yamwagwe chooni. Maji ya moto yasianze, kwani hushikiza doa katika nyuzi. Nepi ya mkojo mtupu iwekwe katika ndoo yake, na ile ya kinyesi, baada ya kusuuzwa, katika ndoo nyingine. Ndoo zote mbili ziwe na vifuniko vinavyobana. Mtoto anayeanza kutambaa huweza kuzama katika maji ya kina cha shubiri moja tu, na ndoo isiyofunikwa ni mtego ndani ya nyumba.

Aliyeshika nepi chafu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chungu, titi au mtoto mwingine. Hatua hii haina gharama kubwa, nayo ndiyo inayosahauliwa mara nyingi kuliko zote.

Maji, na mahali pa kufulia

Nepi zisifuliwe ndani ya lambo, mtoni wala ziwani. Sababu ni mbili. Kwanza, uchafu unaotoka katika nepi huingia katika maji ambayo jirani atayachota kesho. Pili, mama anayesimama majini huku akifua hujiweka katika hatari ya kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya binadamu. Yafaa maji yachotwe na kupelekwa nyumbani, kazi ifanyike kwenye karai, na maji machafu yamwagwe chooni au katika shimo lililo mbali na kisima, umbali usiopungua mita 30.

Ni kweli kwamba maji hubebwa kichwani kutoka mbali. Lakini mahali pa kubania maji si kwenye kusuuza. Maji ya suuzo la mwisho huwa karibu safi; yafaa yahifadhiwe na kutumiwa kwa suuzo la kwanza la nepi zitakazofuata. Kwa njia hiyo ndoo moja hufanya kazi mara mbili, na nepi hazibaki na sabuni.

Kufua kwenyewe

Kitambaa kipya hakifai kuvishwa siku kinaponunuliwa. Uzi wa pamba una nta yake ya asili, na kiwandani hutiwa wanga ili usikatike wakati wa kufumwa. Kitambaa cha namna hiyo hukataa maji. Kifuliwe kwa sabuni na maji ya moto mara tatu au nne, na hapo kitaanza kufyonza. Khanga iliyokwisha kuchakaa haihitaji matayarisho hayo, ndiyo maana tangu zamani imependwa na wazazi.

Nepi zifuliwe kila siku, au zisipitishe siku mbili. Zikikaa zaidi, bakteria huvunja mkojo na kutoa amonia, ile harufu kali inayochoma macho mtu afunuapo ndoo. Zifuliwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, zifikichwe vema penye mikunjo na pindo, kisha zikamuliwe. Sabuni ya unga nayo yafaa, mradi iwe kidogo.

Baada ya hapo zisuuzwe mara mbili au tatu katika maji mapya. Kipimo cha kusuuza ni rahisi: ikamuliwe nepi moja katika kiganja. Maji yakiwa na povu au utelezi, kazi haijaisha. Sabuni inayobaki katika nyuzi huyeyuka upya mtoto anapokojoa, nayo huiwasha ngozi. Anayetumia maji ya majivu badala ya sabuni aongeze suuzo moja, kwa kuwa magadi ya majivu ni makali kuliko inavyodhaniwa. Nepi isitiwe wanga wala buluu. Wanga huifanya ngumu na kuipunguzia uwezo wa kufyonza, na buluu huongeza weupe wa macho tu.

Kuchemsha si lazima kila siku, kwani kuni na mkaa ni mali. Lakini hapana budi nepi zichemshwe, zikitokota kwa dakika 10, mtoto anapoharisha, anapopata ukungu wa fangasi, au nepi zinapokuwa zimerithiwa kutoka kwa mtoto mwingine. Anayetumia dawa ya klorini ahakikishe kwamba mkojo umesuuzwa kwanza na kuisha. Klorini ikikutana na amonia hutoa hewa yenye sumu. Tena isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa ya kusafishia choo. Chupi za plastiki zinazovishwa juu ya nepi zisichemshwe wala kutiwa klorini; huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kuanikwa kivulini.

Kuanika na kupiga pasi

Kazi iliyofanywa vizuri karaini huweza kuharibika kambani. Jua kali hukausha, huua vijidudu vingi, na hufifisha madoa bila gharama. Nepi zianikwe juani, zikiwa zimetandazwa, wala zisirundikwe.

Upo mdudu ambaye kila mzazi hana budi kumfahamu. Ni nzi mnene wa rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia, apendaye kivuli. Jike hutaga mayai yake, kati ya 100 na 300, katika mchanga wenye mkojo au kinyesi, au katika nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi tatu. Funza wake, ambaye haonekani kwa urahisi, hungoja joto la mwili. Nguo ikivaliwa huingia katika ngozi, na baada ya siku chache hutokea jipu lenye tundu dogo. Mtoto hulia usiku, na wazazi hudhani ni jipu la kawaida.

Kinga yake haina fumbo. Nepi zisitandazwe juu ya nyasi, vichaka au ardhi. Zianikwe kwenye kamba iliyo juu, mahali penye jua tupu, na zianuliwe kabla ya jioni. Kisha zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, hasa penye pindo, maana joto la pasi huyaua mayai na funza. Katika msimu wa mvua, jua likiwa haba, pasi ya mkaa ni mlinzi wa mtoto, wala si pambo la nguo za sikukuu. Nepi yenye unyevu hata kidogo isivishwe wala kukunjwa sandukuni.

Sumu mbili zisizotajwa

Ya kwanza ni ile inayotoka shambani. Nguo za mtu aliyepuliza dawa ya wadudu kwa bomba la mgongoni zifuliwe peke yake, siku hiyohiyo, katika karai ambalo halitumiki kwa nguo za mtoto. Mpulizaji aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Dumu lililokuwa na dawa lisibebe maji ya kufulia wala ya kunywa, hata likisuuzwa mara kumi.

Ya pili huwekwa sandukuni kwa nia njema. Vile vidonge vyeupe vya nafthalini, vya kufukuzia nondo na mende, havifai kabisa kuwekwa pamoja na nguo za mtoto. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, nao si wachache katika nchi zenye malaria. Nafthalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao. Mtoto huwa wa manjano, na manjano ikizidi hudhuru ubongo. Mzazi hawezi kumtambua mtoto wa namna hiyo kwa macho. Njia ya salama ni kuviacha vidonge hivyo, na kuhifadhi nepi katika sanduku safi lililo kavu. Nepi za urithi zilizokaa na vidonge hivyo zisivishwe mtoto mchanga.

Ngozi ya mtoto

Nepi nzuri haimkingi mtoto anayeachwa nayo kwa saa nyingi. Ibadilishwe mara inapolowa, na mara moja inapopata kinyesi. Mtoto mchanga huweza kutumia nepi 10 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo akiba ya nepi 24 humwezesha mama kufua bila kukimbizana na jua. Kila zinapobadilishwa, mtoto asafishwe kwa maji, akaushwe taratibu, na ikiwezekana aachwe wazi kwa muda mfupi. Mafuta ya mgando, yakipakwa kidogo, huzuia mkojo usiguse ngozi.

Wekundu unaotulia siku mbili tatu baada ya uangalizi huo ni mchubuko wa kawaida. Wekundu unaoingia katika mikunjo ya mapaja, ukiwa na vipele vidogo pembeni, aghalabu ni fangasi, nao huhitaji dawa ya zahanati. Malengelenge, usaha au homa havingoji kesho.

Kazi hii ni ya nani?

Katika nyumba nyingi jibu limekuwa ni mama, na akichoka ni binti yake, hata kama siku hiyo ni ya shule. Mama huyohuyo amechuma pamba tangu alfajiri. Anaporudi jioni, ndoo ya nepi inamngoja. Akizifua huzianika gizani chini ya paa, na asubuhi huzivisha zikiwa na unyevu. Hapo kosa si la ujinga wa mama. Saa zilizobaki katika siku yake hazitoshi, na hakuna hotuba itakayomwongezea saa.

Mwanamume anayeweza kubeba gunia la pamba hadi ghalani anaweza kubeba ndoo mbili za maji hadi uani, kuanika nepi asubuhi na kuzianua kabla ya jua kuzama. Heshima yake haipungui. Familia ni ushirika wa kwanza kabla ya ule ulioandikishwa, na katika ushirika wowote mwanachama anayekula gawio bila kutoa kazi huulizwa maswali.

Chama cha msingi nacho kina la kufanya. Wanachama wakikubaliana, malipo ya pamba yanapopatikana chama kinaweza kununua kwa pamoja katoni za sabuni ya mche na jora la bafta kwa bei ya jumla, kila mwenye mtoto akachukua sehemu yake. Fedha za pamba huja mara moja kwa mwaka, lakini nepi hufuliwa kila siku. Sabuni iliyonunuliwa Julai ndiyo itakayokuwapo Januari mifuko ikiwa mitupu.

Ndugu wanachama, nepi nyeupe siyo lazima iwe nepi safi. Iliyo safi ni ile iliyotenganishwa mapema, ikasuuzwa mpaka sabuni ikaisha, ikakauka mpaka ndani ya pindo. Wajumbe watakaporudi vijijini na wayaeleze haya kwa wanaume na wanawake waliokaa pamoja, na kabla ya kuyaeleza, waitazame kwanza kamba ya kuanikia iliyo nyumbani kwao.