Nchi Jirani: Muuza Pombe Ndiye wa Kuulizwa

Mwaka 2010 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kudhibiti vileo, ambayo wananchi wa huko huiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa Mbunge wa Naivasha na ambaye aliifikisha Bungeni. Sheria hiyo inakataza kumuuzia kileo mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Katazo hilo peke yake si jambo geni. Jambo la kuzingatia ni kwamba sheria hiyo haikumkabili mtoto anayekunywa. Ilimkabili mtu mzima anayeuza.

Iliamriwa kwamba baa isipewe leseni ikiwa ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Baa za kawaida zilipangiwa kuuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku katika siku za kazi. Vileo vya kutiwa katika vifuko vidogo vilipigwa marufuku. Hata chang'aa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa haramu na kupikwa mafichoni, iliruhusiwa kutengenezwa kwa leseni na kutiwa chupani, ili ipate kukaguliwa.

Kila sharti lina maana yake. Kifuko hununuliwa kwa fedha ya chai, kikafichwa ndani ya daftari au katika mfuko wa sare ya shule. Chupa kubwa haifichiki hivyo, wala bei yake haimfai mwanafunzi. Kwa hiyo kabla mzazi hajakemea na kabla mwalimu hajashika kiboko, ukubwa wa chombo, saa za kuuza na umbali wa duka vimekwisha kumkinga mtoto.

Hata hivyo, sheria ya nchi moja huishia mpakani. Tanzania ilipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017, na Uganda ikachukua hatua kama hiyo mwaka 2019. Katika muda huo wa kati, bidhaa iliyokuwa haramu upande huu ilikuwa halali upande wa pili, na kati ya mtoto na kiroba hapakuwa na ukuta ila askari wa zamu.

Naye askari asipokuwa mwaminifu, ukuta huo huanguka. Mwezi Februari 2024, katika Kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, watu zaidi ya kumi walipoteza maisha baada ya kunywa pombe yenye sumu. Serikali ya nchi hiyo ilieleza kwamba pombe hiyo ilikwisha kukamatwa na kuwekwa katika kituo cha polisi kama kielelezo, kisha ikatolewa humo na kuwarudia wanywaji. Sheria ilikuwapo, na ukamataji ulifanyika. Kilichokosekana ni uaminifu wa mwenye ufunguo.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto aliyelewa akikamatwa, apelekwe kwa wazazi wake. Swali la kwanza liwe ni nani aliyemuuzia, na swali hilo lisikome mpaka muuzaji apatikane. Na kielelezo kikishaingia ghalani, kihesabiwe, kiandikwe, na kilindwe kama silaha inavyolindwa. Hapo ndipo sheria iliyopitishwa Bungeni itakapomfikia mtoto kijijini.