Tushangilie Kazi, Tuwashukuru Wote, Tusifiche Hesabu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia kutoka sehemu za Kericho na Bomet. Tunaichapisha kwa sababu vikundi vingi hupanga kujenga wakati bonasi ya chai inapoingia.)

 



Nimeombwa kusema juu ya kushangilia kazi na kuwashukuru waliosaidia. Pengine mtu anajiuliza, "Sasa hilo nalo linahitaji hotuba? Si tuchinje mbuzi, kwaya iimbe, mgeni akate utepe, mambo yaishe?" Ningekubaliana naye, lakini kuna kikundi ninachokijua, nacho sitakitaja, kilichovunjika wiki mbili tu baada ya sherehe yake. Chakula kilitosha na wageni walifurahi. Taabu ni kwamba mgeni aliyeleta mabati 30 alishukuriwa kila msemaji aliposimama, na akina mama waliobeba maji ya kuchanganya simiti kwa miezi mitatu hawakutajwa hata mara moja. Tena, hesabu ya pesa haikusomwa. Akina mama walirudi nyumbani kimya, na mkutano uliofuata hawakuja. Jumba liko, kikundi hakipo.

Kwa hivyo sherehe ni sehemu ya kazi yenyewe. Inaweza kujenga na inaweza kubomoa.

KIKUNDI CHA WASOMI

Leo nataka tujifunze kutoka kwa kikundi ambacho labda hamjakifikiria. Ni Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya, ambacho kwa kifupi huitwa AAK. Msishtuke. Hao nao ni watu waliokaa pamoja, wakaandika katiba, wakachagua viongozi, na wakaanza kutoa ada. Tofauti yao na sisi ni masomo. Shida za kikundi ni zile zile.

Kwanza, msanifu majengo ni nani? Wengi tunamchanganya na fundi. Fundi hujenga kwa mikono yake. Mhandisi hupima kama nguzo itabeba uzito. Mkadiriaji hupiga hesabu ya vifaa na gharama. Msanifu ndiye anayeliwaza jengo likiwa bado hewani: mlango utaelekea wapi, mwanga utaingia vipi, maji ya mvua yatakwenda wapi, na watu watatokaje moto ukizuka. Husoma chuo kikuu karibu miaka 6, kisha hufanya kazi chini ya wakubwa wake, kisha hufanya mitihani ya bodi inayoandikisha wasanifu na wakadiriaji. Asiyeandikishwa na bodi hiyo haruhusiwi kisheria kujiita msanifu.

Chama chao kilianzishwa mwaka 1967, miaka 4 baada ya uhuru, na mwaka 2017 kilitimiza miaka 50. Zamani zile wasanifu Waafrika katika Kenya walihesabika kwa vidole. Mmoja wao alikuwa David Mutiso, aliyekuwa msanifu mkuu wa serikali. Yeye na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway ndio waliochora lile jumba refu la mikutano la KICC, lililofunguliwa Nairobi mwaka 1973. Mnalijua. Kama una noti mfukoni, itoe uitazame: noti mpya zilizotolewa mwaka 2019 zote zina picha ya jumba hilo. Kumbe kazi ya kalamu na karatasi huingia mpaka kwenye kibeti cha mama anayeuza sukuma wiki!

Leo chama hicho kina matawi ya wasanifu, wakadiriaji, wahandisi, wapangaji wa miji na wengineo. Yaani watu wa kazi mbalimbali wameketi meza moja, kwa sababu jengo moja huwahitaji wote.

WANASHANGILIA NINI?

Nimetazama jinsi wenzetu hawa wanavyoshangilia, nikaona mambo matatu.

La kwanza: wanashangilia kazi inayoonekana. Wana tuzo za majengo yaliyofanywa vizuri. Jengo linapimwa, linalinganishwa na mengine, ndipo linasifiwa. Hawasemi tu "mwaka huu tumeendelea vizuri". Sisi tunapenda sana neno hilo la "tumeendelea vizuri". Vizuri kiasi gani? Ng'ombe wangapi? Mitungi mingapi ya maji? Watoto wangapi wamepata darasa?

La pili: wanashangilia nidhamu. Mtu anaitwa msanifu kwa sababu amepimwa na wenzake, naye akiharibu anaweza kufutwa katika orodha ya bodi. Sifa ya mmoja ni sifa ya wote, na aibu vile vile.

La tatu, na hapa nawaomba msikilize vizuri: hawanyamazi kwa sababu ni siku ya furaha. Kila mwaka hutoa ripoti juu ya hali ya ujenzi nchini, na ndani yake hutaja yaliyoharibika. Nao wana sababu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa kadhaa lilianguka Huruma, Nairobi, na watu karibu 50 wakafa. Jengo hilo halikuwa na idhini. Tarehe 23 Septemba 2019, darasa la shule moja lilianguka sehemu za Dagoretti watoto wakiwa ndani, asubuhi. Watoto wasiopungua 7 walikufa. Na hilo la pili halikuwa jumba refu. Lilikuwa la mbao na mabati, likiwa na sakafu ya pili juu ya vichwa vya watoto.

Nimewaambia hayo kwa sababu moja. Wengi wetu hapa tunapanga kujenga. Huyu darasa la chekechea, yule jumba la kikundi, mwingine banda la kununulia majani. Tunasema, "Hiki ni kijengo kidogo tu, fundi wetu anajua." Hata darasa dogo linaweza kuua mtoto.

MFANO ULIO KARIBU

Tusiende mbali hadi Nairobi. Hapa Kericho mjini tuna Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililotabarukiwa mwaka 2015, miaka 20 baada ya jimbo letu kuundwa mwaka 1995. Lina nafasi ya watu 1,500. Lilichorwa na wasanifu wa John McAslan + Partners kutoka London, wakishirikiana na wenzao wa Nairobi.

Wengi wetu tumeingia mle tukasali. Je, tumewahi kuuliza kwa nini paa lake limeinama namna ile, likishuka karibu na ardhi? Kericho hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya mawe tunaijua sisi wenye chai. Paa lililoinama sana humwaga maji upesi. Tena ukiwa ndani unaona mwanga ukishuka kutoka juu kabisa, pale paa linapokutana, na milango ya pembeni hupitisha hewa. Hakuna aliyeamua hayo kwa bahati. Mtu alikaa, akatazama mvua yetu na jua letu, akachora.

Wazee wetu nao walijua jambo hilo. Nyumba ya mviringo ya Kipsigis ilikuwa na paa la nyasi lililoinama vizuri, na majirani wa kokwet walikuja kusaidia kuijenga. Hawakuwa na diploma, lakini hawakujenga bila kufikiri.

Sasa niulize: lile kanisa lilijengwa na nani? Wasanifu? Ndiyo. Wahandisi? Ndiyo. Waliotoa pesa nyingi? Ndiyo. Lakini vile vile mtu aliyekunja vyuma, aliyepanga vigae, aliyepika chai ya mafundi, na yule bibi aliyeweka shilingi 50 katika kikapu cha sadaka. Injili yatuambia juu ya mjane aliyetoa senti mbili, na Bwana akasema ametoa kuliko wote. Mweka hazina akisoma orodha ya shukrani bila mjane, orodha hiyo haijakamilika.

SHUKRANI BILA KUJIUZA

Vyama kama vile vya wasomi huwashukuru wafadhili wao hadharani, na miongoni mwao huwa kuna makampuni yanayouza vifaa vya ujenzi. Si vibaya. Lakini fikirieni: msanifu akisaidiwa na mwenye kiwanda cha rangi, je, atamwambia mteja wake ukweli ikiwa rangi hiyo haifai? Lazima amwambie. La sivyo, shukrani imegeuka kuwa deni.

Na sisi ni hivyo hivyo. Mwanasiasa akileta mabati, tumshukuru kwa heshima. Lakini mabati hayampi haki ya kutuchagulia mwenyekiti, wala kutuambia tusisome hesabu mbele ya watu. Asante ni asante. Kura ni jambo jingine, na ufunguo wa stoo ni jambo jingine kabisa.

Kwa hivyo nawapa taratibu tano za siku ya sherehe:

1. Katibu aandike orodha ya shukrani tangu siku ya kwanza ya kazi, si usiku wa kuamkia sherehe. Aandike pesa, vifaa, na pia siku za kazi za mikono.

2. Waliofanya kazi watajwe kabla ya waliotoa pesa. Mgeni mwenye busara hatakasirika.

3. Mweka hazina asome hesabu kabla ya chakula. Zilizoingia ni ngapi, zilizotoka ni ngapi, zilizobaki ziko wapi. Watu wakishiba hawaulizi maswali.

4. Mtaje jambo moja ambalo halikwenda sawa, na mtakavyolirekebisha. Kikundi kinachojisifu tu hakiaminiki.

5. Gharama ya sherehe ipangwe na mkutano wa wanachama wote. Ni aibu darasa kukosa dirisha huku tumechinja fahali.

KABLA YA KUCHIMBA MSINGI

Bonasi ikiingia, karibu mwezi wa kumi, pesa huwa na miguu. Kabla hazijaondoka, fanyeni haya.

Kwanza, hakikisheni kikundi kimeandikishwa. Sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii ilipitishwa mwaka 2022, na ofisi ya maendeleo ya jamii itawaeleza. Bila cheti, shamba na jengo vitakuwa kwa jina la mtu mmoja. Akifa, mtakutana na watoto wake mahakamani.

Pili, ulizeni ofisi ya kaunti kuhusu ramani na idhini. Sheria ya mwaka 2019 ya upangaji wa matumizi ya ardhi inataka kibali cha kaunti kabla ya kujenga. Najua mtasema msanifu ni ghali. Basi vikundi vitatu au vinne vinavyotaka darasa la namna moja viungane, vilipie ramani moja nzuri. Mnunuapo mbolea mnaungana. Mbona si ramani?

Tatu, ulizeni kama kontrakta na fundi wanatambuliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mamlaka hiyo huandikisha makontrakta na hata mafundi wa mkono. Vijana wetu mafundi waende waandikishwe. Ni heshima yao, na watapata kazi.

Nne, msisahau maji. Paa la mita 10 kwa 8 likinyeshewa mvua ya milimita 10 tu, yaani manyunyu ya alasiri moja hapa kwetu, hupata karibu lita 800. Hayo ni madebe 40 ambayo hakuna mama atakayepanda nayo kilima. Mfereji na tangi viwe ndani ya ramani tangu mwanzo, visiwe vya kungojewa "mradi mwingine".

Tano, darasa la watoto liwe na milango miwili, na ifunguke kwenda nje. Ni jambo dogo katika ramani, lakini siku ya hatari ndilo litakalowatoa watoto.

NAMALIZA

Wasanifu walianza wakiwa wachache, na leo nchi nzima inaona kazi yao. Wameshangilia, wameshukuru, na bado wanasema ukweli juu ya majengo yanayoanguka. Sisi wakulima wa chai tunaweza hayo matatu. Mama aliyebeba maji akisikia jina lake likisomwa mbele ya padre, chifu na watoto wake, kesho atabeba tena. Naye akisikia hesabu imesomwa wazi, atamleta na jirani.

 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika sherehe yetu ya mwisho, ni nani aliyefanya kazi na hakutajwa? Tutamshukuru namna gani sasa?

2. Je, hesabu ilisomwa? Kama haikusomwa, ni nani atakayeisoma, na lini?

3. Jengo tunalopanga lina ramani na idhini? Ni vikundi gani jirani tunavyoweza kuungana navyo?

4. Je, tuna mfadhili ambaye tunaogopa kumwambia ukweli? Tufanyeje?