Daktari Asiyetibu

 

Leo nina jambo la kuungama. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari ya mkoa huu wa Dodoma, mwanafunzi wa kidato cha pili alinyoosha mkono. "Mwalimu," akauliza, "kwa nini wasomi wa Chuo Kikuu wanaitwa madaktari, na hali hawajui hata kudunga sindano?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami, kwa kuwa sikuwa na jibu, nikajifanya mkali. Nikamwambia: "Kaa chini. Kiingereza hakiulizwi, kinakaririwa." Kijana akakaa. Hakuniuliza swali jingine mpaka mwaka ukaisha.

Jibu nilikuja kulipata baadaye sana. Neno "doctor" ni la Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Limetokana na kitenzi "docere", yaani kufundisha. Kwa asili yake, daktari ni mwalimu. Waganga walikuja kupewa jina hilo baadaye, kwa ajili ya usomi wao. Kumbe yule kijana aliuliza swali zito, na mimi, niliyekuwa daktari wake kwa maana ya asili, nikamnyamazisha.

Wako wanaodhani kwamba Kiingereza kilishuka kutoka mbinguni kikiwa kamili, na kwamba ni Kiswahili tu kilichookoteza maneno kwa Waarabu na Wareno. Hata kidogo! Warumi waliitawala Uingereza tangu mwaka 43 hadi mnamo mwaka 410. Mwaka 597 wakafika wamisionari na Kilatini cha kanisa. Mwaka 1066 wakaingia Wanormani na Kifaransa chao, ambacho nacho ni mtoto wa Kilatini. Leo zaidi ya nusu ya maneno katika kamusi ya Kiingereza yana asili ya Kilatini, ama moja kwa moja, ama kwa kupitia Kifaransa.

Hebu tutembee kidogo hapa kwetu. Nenda stendi ukapande basi. Neno hilo tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa Ufaransa, ambako katika miaka ya 1820 magari ya farasi ya kubeba abiria yaliitwa "omnibus", neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote". Waingereza wakalikata kichwa, wakabaki na mkia. Pita Bungeni ukasikilize bajeti. Mzizi wake ni "bulga", mfuko wa ngozi, na Warumi wenyewe waliliazima kwa Wagauli, watu wa Ufaransa ya kale. Hata mkopeshaji naye alikopa! Kisha nenda Hombolo kwenye mashamba ya mizabibu. Zabibu ni neno la Kiarabu. Mvinyo tumelipata kwa Wareno, nao kwa Warumi waliosema "vinum". Na neno "wine" la Waingereza limetoka huko huko. Hapo hatukuwakopa Waingereza. Sisi na wao tulichota kisima kimoja.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Maneno humwangukia kama mvua ya mawe, naye huambiwa akariri. Lakini mfundishe kwamba "portare" ni kubeba. Mara moja ataona kwamba "import" ni kubeba kuingiza, "export" ni kubeba kutoa, "transport" ni kubeba kuvusha, na "porter" ni mpagazi, kama wale waliopita Ugogo na misafara ya pembe za ndovu. Shina moja, matawi manne. Na mtoto wetu si mgeni wa kazi hiyo. Anajua tayari kwamba soma, somo, msomi, msomaji na kisomo ni ndugu wa tumbo moja. Kiswahili chake ndicho ufunguo. Sisi walimu ndio tunaomnyang'anya mlangoni.

Lugha kuazima si aibu. Aibu ni kumfanya mtoto aamini kwamba lugha ya wenzetu ni ya kuogopwa na ya kwetu ni ya kudharauliwa.

Walimu wenzangu, mtoto akiuliza neno limetoka wapi, msimwambie akae chini. Kama hamna jibu, semeni: "Sijui, twende tukalitafute." Haivunji heshima ya mwalimu.

Nawe uliyekuwa kijana wa kidato cha pili, ambaye leo una mvi kama zangu, kama redio yako iko wazi, nisamehe. Jibu lako limechelewa, lakini limefika.

Kwaherini, hadi juma lijalo.